Ukishuka Kibwezi, Mutomo Utafika Vipi?

*Reli ya kisasa imewaletea wakazi wa Makueni na Kitui treni inayofuata saa. Kutoka lango la kituo hadi nyumbani, kila msafiri hujitafutia: akodi gari zima, au alipie kiti na kungoja lijae?*

TRENI ya kaunti inayotoka Nairobi asubuhi hufika Kibwezi kabla ya adhuhuri, na haikai. Milango hufunguka, mabegi yakatangulia, watoto wakateremshwa kwa mikono, na punde mabehewa yakaanza tena safari ya kwenda Mtito Andei. Jukwaa hubaki tupu. Kelele zote huwa zimehamia langoni.

Huko nje wamekwisha kujipanga waendesha bodaboda, wenye magari madogo aina ya Probox na, siku nyingine, matatu ya viti 14. "Mutomo, Mutomo, mmoja wa mwisho!" huita dereva wa kwenda mji huo wa Kitui Kusini, ambaye viti vitatu vya gari lake bado ni vitupu. Mwenzake ameshalishika begi la mama wa makamo. "Mwaitu (mama), twende," humwambia, akilipeleka kwenye buti kabla bei haijatajwa.

Mama akiuliza nauli hupewa bei mbili. Ya kwanza ni ya kiti kimoja, kwa sharti la kuwasubiri wenzake. Ya pili ni ya gari zima, na safari inaanza sasa hivi. Hana muda mwingi wa kuchagua, kwa kuwa walioshuka naye wanazidi kuingia magarini, na wakishaisha, viti vitakavyobaki havina wa kuvijaza mpaka treni ya kutoka Mombasa ipite.

Uamuzi huo wa langoni ndio unaoamua kama treni ilimwokolea msafiri muda na fedha, au kama alichookoa kwenye tiketi amekiacha chote mikononi mwa dereva.

Kituo na soko vilipotengana

Ukambani umeishi na reli tangu mwanzo wake. Wazee husimulia habari za mtabiri Syokimau, aliyeona nyoka mrefu wa chuma akipita katika nchi ya Wakamba kabla wageni hawajafika na vyuma vyao. Leo stesheni kuu ya Nairobi ya reli ya kisasa iko katika eneo lenye jina la mwanamke huyo.

Ujenzi wa reli ya kwanza ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Njiani ulizaa miji. Sultan Hamud ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar. Makindu ulikusanya mafundi na vibarua wa reli, wakiwemo Masingasinga ambao hekalu lao, lililojengwa mwaka 1926, bado huwapa wasafiri wa barabara ya Mombasa chakula na malazi bila malipo. Emali, Kibwezi na Mtito Andei ilikua vivyo hivyo, maduka yakiota kando ya stesheni. Abiria aliyeshuka alikuwa tayari yuko sokoni. Hakuhitaji kukodi chochote ili afike mahali penye watu.

Reli ya kisasa imekuja kwa mpango mwingine. Ilizinduliwa Mei 31, 2017 na Rais Uhuru Kenyatta, ikaanza kubeba abiria siku iliyofuata. Kipande hicho cha Mombasa hadi Nairobi kiligharimu takriban Sh327 bilioni, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Kati ya stesheni zake mbili kuu kuna vituo saba vya abiria, na vitatu kati ya hivyo viko Makueni: Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Sultan Hamud na Makindu, miji iliyozaliwa na reli, haikupata kituo cha abiria kwenye njia mpya.

Hata palipo na kituo, jengo ni zuri na pana lakini halikusimamishwa katikati ya soko. Kuna kipande cha njia cha kukata kabla ya kufika dukani, hotelini au kwenye steji ya matatu. Kipande hicho si kirefu kwa kijana mwenye begi la mgongoni. Kwa mtu mwenye gunia la pojo, mtoto mgongoni na jua la Kibwezi utosini, ni safari nyingine kamili.

Kitui bila reli, lakini si mbali nayo

Kaunti ya Kitui haijawahi kupitiwa na treni. Mkazi wa Kitui mjini anayekwenda Nairobi hana sababu ya kuisaka. Matatu zinazopitia Machakos au barabara kuu ya Thika kwenda Garissa humfikisha moja kwa moja. Kusini mwa kaunti, hali ni tofauti kabisa.

Kwa miaka mingi barabara ya Kitui, Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua. Sasa ina lami, kazi iliyofanywa na kampuni ya Sinohydro ya China. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Kitui hadi Kibwezi, ikivuka mto Athi. Kwa sababu ya lami hiyo, Kibwezi umekuwa mlango wa Kitui Kusini: mtu wa Ikutha au Mutomo anayefanya kazi Mombasa anaweza kupanda treni Miritini, stesheni kuu ya huko, asubuhi na kushuka Kibwezi mchana wa siku hiyohiyo.

Kati ya Kibwezi na Mutomo ndipo ratiba inapokatika. Tiketi ya treni hukatwa kwa simu, kwa kubonyeza *639#, siku kadhaa kabla ya safari, na behewa na kiti vikajulikana. Baada ya lango hakuna tiketi, hakuna saa na hakuna bei iliyoandikwa popote.

> Treni ina saa yake. Matatu inangoja ijae. Msafiri anayezitegemea zote mbili ndiye hubeba hasara zikipishana.

Bei ya kiti na bei ya gari zima

Tuseme dereva anataka kwa gari zima fedha sawa na nauli za viti vitano. Familia ya watu wanne ikikodi, kila mmoja hulipa zaidi kidogo tu ya nauli ya kawaida, na gari huwafikisha hadi uani. Msafiri wa peke yake akikodi gari hilohilo hulipa mara tano. Hesabu hii ni nyepesi, na watu wa Ukambani huifanya haraka: mara nyingi wageni wanne waliokaa behewa moja huwa wameshaulizana wanakokwenda kabla treni haijafika Kibwezi, wakashuka wakiwa kundi, wakapatana bei kwa sauti moja.

Wasiofanikiwa ni wale wasioweza kuharakisha. Treni hushusha watu wote kwa mara moja. Gari la kwanza hujaa upesi, kwa wepesi wa miguu. Mzee mwenye mkongojo, mama mwenye watoto wawili, na mgonjwa anayerudi kutoka kliniki Nairobi hufika langoni gari hilo likishaondoka. Hao hupelekwa kwenye gari la pili, ambalo lina abiria wawili na dereva asiyejua lini atapata wengine. Saa nzima inaweza kupita. Mwishowe huambiwa: ongezeni kidogo tuondoke. Kwa namna hii, anayelipa zaidi pale langoni ni yule aliyekuwa na uwezo mdogo wa kukimbia, na hilo ni jambo la kukasirisha kuliko bei yenyewe.

Msafiri akielekea kwenye treni, hesabu hubadilika. Aliyekwisha kufika anaweza kuvumilia kusubiri. Nyumba yake haitaondoka. Anayeiwahi treni hana nafasi hiyo. Treni ya kaunti, ambayo ndiyo husimama vituo vyote, hupita mara moja kwa siku kila upande. Matatu ikichelewa Mutomo kwa sababu ya viti viwili vitupu, kinachopotea si dakika 20. Ni siku nzima, pamoja na tiketi.

Ndiyo maana wasafiri wazoefu hutumia njia mbili kwa safari moja. Wakirudi nyumbani hupanda gari la kujaza. Wakienda kwenye treni hukodi, au hupanda matatu ya alfajiri na kukaa kituoni saa mbili wakisubiri, na hawaoni hasara. Namba ya dereva mmoja mwaminifu wa Kibwezi au Emali huhifadhiwa kwenye simu na kupitishwa kwa ndugu na majirani. Programu za kuita teksi, ambazo Nairobi na Mombasa zimekuwa jambo la kila siku, hazijashika mizizi katika miji hii. Kazi yake hufanywa na orodha hiyo ya namba.

Mvutano wa langoni

Kila anayengoja abiria nje ya kituo ana kesi ya kujitetea.

Wenye matatu husema wao ndio walio halali. Lazima wawe ndani ya chama cha ushirika, yaani Sacco. Wawe na leseni ya huduma ya barabarani kutoka kwa mamlaka ya usalama na uchukuzi, NTSA. Wapeleke magari kukaguliwa. Wafunge vidhibiti mwendo na mikanda, kama ilivyoamriwa tangu kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004. Halafu gari dogo lisilo na mstari wa manjano huja kuchukua abiria wao mlangoni pa kituo, bila kulipia hata kimoja kati ya hivyo.

Wenye Probox nao wana lao. Matatu haziingii kila kijiji. Barabara ikitoka kwenye lami, ikishuka korongo na kupanda kichaka, gari linalofika huko ni dogo, jepesi, linalotengenezeka kwa fundi wa kijijini. Hubeba kuku, mabati, magunia ya maembe, mgonjwa anayelazwa kiti cha nyuma. Msimu wa ndengu au maembe, nusu ya faida ya mkulima mdogo hutegemea kupata gari la namna hiyo kwa wakati. Madereva wengi ni vijana waliokodishiwa gari na mwenye mali, na jioni lazima warudishe kiasi walichokubaliana. Kila dakika ya kusimama inawala.

Bodaboda ni tofauti. Tangu serikali ilipoondoa ushuru kwa pikipiki ndogo karibu mwaka 2008, zimekuwa miguu ya mashambani. Kutoka kituo cha Emali hadi mjini Emali, hakuna kinachoishinda kwa wepesi na bei. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, mwenye kofia ya chuma. Langoni mwa kituo, hata hivyo, mara nyingi utaona mama, mtoto na begi juu ya pikipiki moja, na kofia ikiwa imetundikwa kwenye usukani.

Na abiria? Anataka kufika. Wengi hawaulizi leseni.

Bima ambayo huenda isilipe

Hapo ndipo penye hatari ambayo bei ya chini huificha, na panastahili kusemwa wazi.

Probox ina viti vitano, cha dereva kikiwemo. Katika njia za Ukambani si ajabu kukuta watu wanane au tisa ndani yake, wawili wakishiriki kiti cha mbele na mmoja akiwa amembana dereva. Mikanda haitoshi. Breki hubeba uzito ambao hazikutengenezewa, kwenye barabara ambayo, tangu iwekwe lami, imeongeza kasi ya magari.

Ajali ikitokea, swali la pili baada ya hospitali ni bima. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya madhara kwa wengine. Lakini gari lililokatiwa bima ya matumizi ya binafsi likibeba watu kwa malipo limevunja masharti ya mkataba wake, na kampuni ya bima hupata sababu ya kukataa kulipa. Aliyevunjika mguu hubaki na kesi dhidi ya mwenye gari, ambaye huenda mali yake yote ilikuwa gari hilo.

> Probox yenye viti vitano hubeba wanane. Bima yake, ikiwa ni ya binafsi, huenda isimlipe hata mmoja.

Tofauti huonekana kwa macho kabla ya kupanda. Gari la abiria lililosajiliwa huwa na mstari wa manjano ubavuni. Matatu huandikwa jina la Sacco. Dereva huwa na beji yake. Abiria ana haki ya kuvitazama hivyo kabla ya kutoa begi lake, na dereva mwenye karatasi halali huwa hana kinyongo cha kuulizwa.

Gari la kukodi lisilo na kibali, hata akiwemo abiria mmoja peke yake na mkanda umefungwa, lina tatizo hilohilo la bima. Wengi hufikiri kukodi ni usalama. Ni starehe; usalama hutegemea karatasi za gari na hali ya dereva.

Mgeni hupokewa kwa bango

Kwenye lango hilohilo la Emali kuna watu wasioshiriki kelele. Watalii wa Amboseli hushuka Emali, kwa kuwa barabara ya lami ya kwenda Loitokitok huanzia hapo. Wa Tsavo Magharibi hushuka Mtito Andei, mji wenye lango la mbuga. Wao hukuta gari la hoteli limeegeshwa, dereva ameshika bango lenye majina yao. Bei ilikwisha kulipwa. Dereva anajua treni inafika saa ngapi kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyotumwa.

Mombasa hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Meli za kitalii zinazotia nanga Kilindini hukuta mabasi yamepangwa, kwa sababu nahodha hamngojei aliyekwama kwenye msongamano wa Changamwe. Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Moi na kwenda bandarini anaweza kupanga gari lake mapema, akijua saa na bei. Mtu wa Mutomo hana hayo.

Si kwamba huduma ya namna hiyo ni ya wageni peke yao. Syokimau kuna treni ya mji inayounganisha stesheni ya reli ya kisasa na stesheni ya zamani katikati ya Nairobi, na ratiba yake hufuata ile ya treni ya Mombasa. Anayeshuka kutoka Mombasa huhamia treni hiyo, akalipa nauli ndogo inayojulikana, akafika mjini. Teksi ziko pale pale kwa anayezitaka. Zote mbili zinaishi.

Mwenye kupanga ni nani?

Kituo ni cha Shirika la Reli. Leseni hutolewa na NTSA. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka uchukuzi wa umma wa barabarani, maegesho na taa za barabarani mikononi mwa serikali za kaunti. Makueni na Kitui, ambazo pamoja na Machakos ziko ndani ya umoja wa kiuchumi wa kusini mashariki, zina mamlaka ya kutenga eneo la matatu mbele ya kituo, kuandika nauli ubaoni, na kukubaliana na Sacco kuhusu gari moja la kwenda mji wa Wote kutoka Emali na jingine la kwenda Mutomo na Kitui kutoka Kibwezi.

Pingamizi la wenye matatu ni la kweli: siku za katikati ya wiki abiria wanaoshuka ni wachache, na gari likiondoka nusu tupu mafuta hayarudi. Ratiba yenyewe, hata hivyo, inasaidia. Treni ya kutoka Nairobi na ile ya kutoka Mombasa huondoka zote asubuhi, hivyo hupishana karibu na katikati ya njia, na katikati ya njia ni Makueni. Kibwezi huzipokea zote mbili saa zinazokaribiana, karibu na adhuhuri. Matatu moja iliyotoka Kitui asubuhi inaweza kuleta abiria wa treni zote mbili, na kurudi na walioshuka kutoka pande zote mbili. Treni mbili kwa gari moja ni abiria mara mbili, na hilo Sacco yoyote inaweza kulipigia hesabu.

Probox hazitakosa kazi. Matatu itaishia Mutomo mjini. Vijiji vya ndani vitabaki vya magari madogo. Linalohitajika kwao ni njia rahisi ya kupata kibali cha teksi, mstari wa manjano na bima inayofaa, kwa ada ambayo kijana wa Kibwezi anaweza kuilipa. Kuwafukuza kwa msako wa polisi kila Desemba, kisha kuwaacha warudi Januari, hakujamlinda abiria yeyote.

Makueni ina desturi ambayo kaunti nyingine huja kujifunza: mikutano ya wananchi ya kupanga miradi, kuanzia kijijini hadi kaunti, iliyojengwa enzi za Gavana Kivutha Kibwana. Maombi ya maji, zahanati na barabara hupita humo. Chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni mwake kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Eneo la kuegesha, kibanda cha kivuli na ubao wa nauli mbele ya vituo vitatu ni gharama ndogo mno kwa kaunti. Wanaoshuka Emali, Kibwezi na Mtito Andei wana miezi hiyo ya kulipeleka jambo lao mkutanoni, na wenye matatu na Probox wana kila sababu ya kukaa katika benchi hilohilo.